Fundi wa Mikono Nyuma

Wifi yangu alikuja Jumatano mchana, kajitanda khanga mpya, na kabla hajafungua mdomo nikajua maji yamemfika shingoni. Mwaka mzima alikuwa akipita mbele ya meza yangu ya ufundi kama anapita jalalani, pua kaibana. Siku hiyo alisimama, akatabasamu, akauliza hali za wanangu mmoja mmoja, akamaliza, akarudia tena wa kwanza.

"Gemu hazifunguki, wifi," alisema mwishowe.

"Gemu zipi?"

Nilijua gemu zipi. Niliendelea tu kuchomelea waya wa chaja ya mteja ili asimame juani kidogo. Mimi nina kivuli cha mwavuli. Yeye hakuwa nacho, na sikusogea.

Chumba cha gemu cha wifi ni sebule ya mama mkwe wangu, na aliyekianzisha ni mimi. Mashine nne nilizipata zikiwa zimekufa, nikazifufua, kisha nikazivunja kufuli ya ndani ili zisome michezo kutoka kwenye diski ya nje, zisidai santuri halisi ambazo hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kuziona. Michezo mia moja na arobaini niliikusanya, nakala moja baada ya nyingine, kwa miezi minane, nikaiweka yote kwenye diski moja inayoenea kiganjani. Wifi alikaa mlangoni kupanga zamu za wachezaji. Tulipatana, sitasema uongo. Tulikuwa tunacheka mpaka mama mkwe anagonga ukuta.

Halafu mashine namba tatu ikazima. Mimi nilikuwa nimesafiri kwenda kumuuguza dada yangu. Wifi akaita fundi mwingine, fundi akafungua, akasema pawa saplai iliyomo ndani, yaani ile sehemu inayoigawia mashine umeme, ni kuukuu na imeungua, haifanani kabisa na ile mpya niliyosema nimeifunga. Niliporudi nilikuta kikao cha ukoo kimeshaitwa. Wifi alisimama katikati ya sebule na kusema, "Huyu kachomoa kizima kaweka kibovu. Kwetu anakula, na huko kwa wateja wake anakula."

Nilijitetea. Nikawaambia kwamba kila kitu ninachokifunga naweka tone la rangi nyekundu ya kucha juu ya skrubu moja. Likishakauka, mtu hawezi kuizungusha skrubu ile bila kulipasua. Walete mashine watazame. Lakini yule fundi alikuwa ameshalikwangua wakati wa kufungua, kwa hiyo alama yangu ikawa hadithi tu. Nikamgeukia mume wangu. Mume wangu ni fundi viatu, mpole, mchache wa maneno, mikono yake inanuka gundi ya njano ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuishinda. Alikuwa anatazama sakafu.

"Twende nyumbani, mama watoto," alisema. "Yaishe."

Hayakuisha. Nilipewa jina, Mchomoaji, na jina likatangulia mbele yangu kila nilikokwenda. Mpaka leo mteja akileta redio yake hapa mezani haendi kunywa chai. Anavuta kigoda, anakaa, anatazama vidole vyangu mpaka skrubu ya mwisho. Jaribu wewe kufanya kazi miezi kumi na miwili huku mikono yako inalindwa kama mfungwa. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu duniani. Wifi asimame kwenye sebule ileile, mbele ya watu walewale, aumbuke, na jina langu lirudi. Nililala na jambo hilo na kuamka nalo. Nikikaanga vitunguu nalikaanga humohumo.

Sasa alikuwa mbele yangu, jasho linamtoka.

"Orodha inakuja," alisema. "Majina ya gemu yote yapo. Ukichagua, kioo kinakuwa cheusi, basi. Na Jumamosi jioni tuna mashindano, mtaa wetu na mtaa wa pili. Timu nane zimeshajiandikisha."

"Muite yule fundi wako."

"Kashindwa."

Nikaweka chini kichomeleo. Nilitamani ile sentensi airudie, lakini nikajizuia.

"Nitakuja," nikasema. "Ila sikiliza. Mimi ni mwizi wa vipuri, si ndivyo ulivyosema? Basi mwizi hagusi kitu. Mikono yangu itakaa mgongoni, hivi. Bisibisi utashika wewe. Mimi nitatoa maneno tu. Na nataka watu wote wawepo, wale wa kikao na hao wachezaji wako. Na Mama awe amekaa kwenye kiti chake."

Nilitegemea abishe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na nilikuwa nimejiandaa kumtazama anavyoinama. Lakini alikubali haraka mno.

"Jumamosi saa nne asubuhi," akasema. "Na uvae vizuri, wifi. Watu watakuwa wengi."

Ningekuwa na akili timamu siku hiyo ningeshtuka. Sikuwa nayo. Nilikuwa na furaha.

Jioni, wakati wa kula, nilimweleza mume wangu. Akaacha kutafuna.

"Kwani lazima?"

"Lazima."

"Dada yangu ndivyo alivyo, unamjua. Mwache. Yaishe."

"Na wewe utakuja. Utasimama pale."

"Nina soli za watu, mama watoto."

"Soli hazina miguu, hazitaondoka."

Ijumaa nilisuka nywele. Nikapaka rangi kucha za miguu, ile ya zambarau iliyoiva ambayo mume wangu aliniletea miezi miwili iliyopita bila sababu yoyote, zawadi ya kwanza tangu kitindamimba wetu azaliwe. Nyekundu ni ya kazi na inakaa kwenye sanduku la vifaa. Ya zambarau ni yangu. Niliikuta chupa imepungua na kifuniko kimegandamana, nikamgombeza binti yangu. Akaapa kwamba hajaigusa. Nikamwambia mwongo atakufa na njaa.

Jumamosi sebule ya mama mkwe ilikuwa imejaa mpaka dirishani. Mabenchi yote yamekaliwa. Mapazia mazito yamepigiliwa misumari ili mwanga usiingie kwenye vioo, nyaya zimebandikwa sakafuni kwa gundi ya karatasi, na zile mashine nne zimepangwa kwenye meza ndefu, kila moja na namba yake niliyoiandika mimi kwa kalamu ya wino mzito. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha mkono mmoja, fimbo mapajani. Karibu na meza alisimama kinyozi wa mtaa, ambaye watu wote humwita Refa kwa sababu ndiye anayesimamia mashindano na halali bila filimbi shingoni. Mume wangu alibaki mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenu."

Neno "kwenu" lilinichoma, lakini nikalimeza. Nikasimama katikati ya chumba, pale pale wifi aliposimama mwaka jana, nikaweka mikono mgongoni na kushika kifundo cha mkono mmoja kwa mkono wa pili. Kuna waliocheka. Nikawaacha wacheke.

"Haya, wifi. Mgonjwa anaumwa nini?"

"Gemu hazifunguki."

"Zote?"

"Nyingi."

"Nyingi si jibu. Anza ya kwanza kwenye orodha. Refa atasoma namba."

Akashika pedi ya kuchezea, akachagua. Ya kwanza ikafunguka, na nyimbo zake. Ya pili ikafunguka. Refa alisoma kwa sauti ya uwanjani, na watu wakaanza kuitikia kama watoto wa darasa la kwanza. Ya kumi na moja ikafunguka. Ya kumi na mbili ikaanza, muziki ukapiga kidogo, picha ikaganda mchezaji akiwa na mguu hewani. Ya kumi na tatu, giza. Ya kumi na nne, giza. Nikamwambia aruke mpaka ya hamsini: giza. Ya mia na arobaini: giza.

"Badili waya," nikasema.

Akabadili. Giza.

"Chomoa diski, ipeleke mashine namba moja."

Giza. Namba mbili, giza. Namba nne, giza. Kila wifi alipochuchumaa kutafuta tundu nyuma ya mashine, nilisema, "Siyo hilo, la chini. Chini zaidi," hata pale alipokuwa amelipata. Mungu anisamehe, nilikuwa nafaidi.

"Mashine nne haziwezi kupata ugonjwa mmoja siku moja," niliwaambia watu. "Na michezo haiwezi kuwa mizima mpaka ya kumi na moja halafu iliyobaki yote ife. Hapa kinachodanganya ni diski. Ni sawa na ndoo ndogo iliyoandikwa kwamba ni pipa. Unamimina, inapokea, unamimina, inapokea. Majina yanabaki juu yanaelea, maji yenyewe yalishamwagika zamani."

"Sasa hiyo si uliinunua wewe?" mtu akauliza kutoka dirishani.

"Niliyonunua mimi lilikuwa pipa kweli. Wifi, igeuze. Kuna tone la rangi kwenye skrubu?"

Akageuza. "Lipo."

"Limepasuka?"

"Zima."

Hapo nilikosea, nikiri. Chumba kilikuwa na giza la mapazia, na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka mezani. Niliona doa jeusijeusi mahali pake, nikaridhika. Kichwani nilikuwa nimeshaandika hukumu: wifi kafungua, kauza, kafunga, kanunua rangi nyekundu kwenye duka lolote na kuiga alama yangu. Mtu wa pili hakuwepo katika mawazo yangu.

"Fungua," nikasema.

"Mimi?"

"Bisibisi si unayo wewe? Kikulacho ki nguoni mwako, wifi. Fungua tukione."

Skrubu zilikuwa nne. Alizitoa moja moja, kimya, na Refa akazipokea kwenye kiganja. Kifuniko kikabanduka. Ndani hakukuwa na diski. Kulikuwa na flashi ndogo, ya zile za barabarani zinazojitangaza kuwa kubwa kuliko zilivyo, imegandishwa kwa gundi, na pembeni yake nati mbili nene za chuma, nazo zimegandishwa ili mzigo uwe na uzito.

Chumba kilipasuka. Watu walipiga makofi ya mapaja. Refa, sijui ni kwa mazoea, akapuliza filimbi. Mtu mmoja alilia kwa kicheko akisema, "Nati! Jamani, tumecheza nati!"

Nikasubiri watulie. Nilikuwa nimeisubiri dakika ile mwaka mzima, na nilitaka kila mtu aisikie vizuri.

"Mama, na nyote mlionipa jina. Mwaka mzima sijaingia kwenye chumba hiki. Mwaka mzima diski hii imekaa humu. Ufunguo wa chumba anao nani? Mchomoaji ni nani?"

Nikamtazama wifi nikingoja alie. Hakulia. Alikuwa anatabasamu, tena lile tabasamu la Jumatano.

"Umemaliza, wifi?" akauliza. "Sasa na mimi niseme. Wiki mbili zilizopita, Jumapili, diski hii ilitoka humu. Nilimpa kaka kwa mkono wangu. Nikamwambia, mpelekee mkeo aniongezee michezo mipya, mwombe wewe, mimi atanikatalia. Mama alikuwepo. Mama, hukuwepo?"

"Nilikuwepo," mama mkwe akasema.

"Jumanne kaka akairudisha. Akasema, mke wangu amekubali, ameongeza. Tangu siku hiyo gemu hazifunguki. Fundi wangu hakushindwa, wifi. Alisema diski hii ni nyepesi upande mmoja, tuifungue. Nikamkataza. Nikamwambia subiri, mwenyewe atakuja kuifungua kwa mdomo wake, mbele ya watu."

Kumbe tulikuwa tumetegeana mtego mmoja, kila mtu na upande wake. Akachukua kifuniko, akaenda dirishani, akasogeza pazia. Mwanga ukaingia.

"Na rangi hii si ile nyekundu yako. Tazameni wenyewe." Kisha akashusha macho taratibu, mpaka kwenye miguu yangu.

Chumba kizima kikashusha macho pamoja naye. Kucha zangu kumi zilikuwa zinang'aa kwenye kandambili, zambarau iliyoiva, mpya kabisa.

"Mchomoaji!" mtu akaita. Wengine wakaitika.

"Sijaletewa diski hii," nikasema. "Sijaiona tangu mwaka jana. Wallahi sijaiona."

Nani angesikia? Nilimtafuta mume wangu mlangoni. Alikuwa anatazama sakafu. Alikuwa anatazama kigae kilekile, chenye ufa, alichokitazama mwaka jana.

Wifi akanisogezea kifuniko usoni ili niione rangi vizuri. Mikono yangu ilikuwa bado mgongoni, kwa hiyo sikuweza kukisukuma, na ndipo harufu ikanifika. Gundi ya njano ya viatu. Harufu hiyo nimelala nayo miaka kumi na minne. Ipo kwenye mto wangu, kwenye mataulo, kwenye vichwa vya wanangu alipowashika.

Mambo yakajipanga yenyewe. Chupa iliyopungua. Binti yangu aliyeapa nikamwita mwongo. Diski yangu ya akiba, ile ninayowekea nakala za michezo yote, ambayo wiki mbili zilizopita niliikuta kabatini waya wake umeviringwa vibaya, nikadhani ni watoto. Mume wangu alinitazama nikinakili mara mia, na kunakili si kazi ngumu, ni kuburuta tu kutoka hapa kwenda pale. Na pawa saplai ya namba tatu, iliyobadilika nikiwa safarini, nyumba nzima ikiwa mikononi mwake, sanduku langu la vifaa wazi.

Hasira yangu ya mwaka mzima ilikuwa imejenga kwa wifi. Ilihama dakika ileile, na vyombo vyake vyote.

"Baba watoto," nikasema. "Waambie."

Macho hayakubanduka kwenye kigae. Watu wakanyamaza kwa sababu sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Nakuuliza mara ya pili. Waambie watu diski hii niliiona lini."

Akainua macho mpaka usawa wa magoti yangu, yakashindwa kupanda zaidi.

"Twende nyumbani, mama watoto," akasema. "Yaishe."

Nakiri kwamba niliwaza kwenda. Niliwaza watoto, na mtaa, na maneno ya watu, jinsi mke wa mwizi anavyotazamwa hata kama mikono yake ni safi. Jina la Mchomoaji nilikuwa nimeshalizoea kidogo, kama kiatu kinachobana. Lakini alipokuwa anasema "yaishe" nilimwona anaanza kugeuka, mguu mmoja umeshatoka nje, ana uhakika kabisa kwamba nitamfuata. Uhakika ule ndio uliomponza.

Nikafungua mikono yangu. Nikachukua kile kifuniko kwa wifi, nikavuka chumba, nikapiga goti mbele ya mama mkwe.

"Mama, nusa."

Marehemu baba mkwe alikuwa fundi viatu. Lile sanduku la kazi la mume wangu ni la baba yake. Mama akakishika kifuniko kwa mikono miwili, akakileta puani, akavuta pumzi. Kisha akampa binti yake.

"Na wewe nusa."

Wifi akanusa, na tabasamu likamtoka. Akamtazama kaka yake, akanusa tena, kana kwamba mara ya pili ingeleta harufu nyingine.

"Kaka?" akasema.

Mume wangu alikuwa bado na mguu mmoja nje. Refa, Mungu ambariki, akaenda taratibu kusimama mlangoni, mikono kifuani.

"Njoo hapa," nikamwambia mume wangu. "Hapa nilipokuwa nimesimama. Mikono nyuma."

Nilidhani atakataa. Alikuja. Akasimama katikati ya sebule ya mama yake, akapeleka mikono mgongoni, kifundo juu ya kifundo.

"Pawa saplai ya namba tatu?"

"Mimi."

"Sema kwa sauti. Dirishani hawasikii."

"Mimi!"

"Na hii diski?"

"Mimi."

"Ilikwenda wapi?"

"Kwa yule muuza vipuri wa kona. Nilidhani nitairudisha kabla hamjajua. Zote mbili nilidhani nitazirudisha."

"Rangi ya kucha?"

"Nyekundu sikuiona."

Kuna aliyecheka, mama mkwe akapiga fimbo chini, kicheko kikakatika.

"Na mwaka jana," nikasema, "ulipokuwa umesimama pale, unasikia mama wa watoto wako anaitwa mwizi. Ulisema nini?"

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo, na uso wake ulikuwa na mshangao wa kweli, wa mtu anayedhani anaonewa.

"Si nilisema yaishe?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Wifi alikuwa ameketi kwenye pembe ya benchi, khanga mdomoni, analia. Nilikuwa nimeyangoja machozi yale siku nyingi. Niliyafurahia, sitajifanya mtakatifu, ila hayakuwa matamu nilivyotarajia.

"Wifi," nikamwambia. "Kikao kile ulikiita wewe. Kesho utakiita tena. Halafu utapita nyumba kwa nyumba, zilezile ulizopita mwaka jana, na kila uliposema Mchomoaji ni mimi, utasema ni nani hasa."

"Nitapita, wifi."

"Na yeye mtamlaza hapa. Kwangu haji."

Mama mkwe alitaka kusema neno, nikaona midomo yake inafunguka. Akaifunga.

Refa akakohoa. "Samahani, fundi," akasema, na nikasikia kwamba amesema fundi. "Sijui kama ni wakati wake. Lakini mashindano?"

"Nakala ipo nyumbani," nikasema. "Kabatini, droo ya juu. Michezo yote."

Wifi akanyanyuka kabla sijamaliza. Alikimbia mwenyewe, peku, kandambili kazisahau chini ya benchi, akarudi anahema na diski yangu ya akiba kaikumbatia kwa mikono miwili. Nikaichomeka kwa mkono wangu, kwenye mashine namba tatu. Orodha ikaja. Nikashuka mpaka ya kumi na mbili, ile iliyokuwa imeganda mguu hewani, nikabonyeza.

Watu wote walikuwa wanatazama kioo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama vidole vyangu. Muziki ukapiga, ukaendelea, yule mchezaji akashusha mguu na mpira ukaenda. Sebule ikalipuka kwa shangwe, mtu akanipiga bega, mtu mwingine akaniletea maji.

Mume wangu alikuwa bado amesimama katikati, anawaziba walio nyuma, wanapinda shingo kulia na kushoto ili waone. Alikuwa ananitazama. Mikono ilikuwa bado mgongoni, kwa sababu hakuna aliyemwambia aishushe, na alikuwa anasubiri niseme. Nikavuta benchi, nikakaa mbele, nikaomba pedi.